Kilichoibwa Chini ya Kadi

Wizi uligunduliwa Jumamosi saa nne asubuhi. Aliyeugundua hakuwa polisi bali binti wa polisi, akiwa amepiga magoti sakafuni huku simu yenye tochi ikiwa imebanwa kwenye meno.

"Mama," alisema baada ya kuitoa simu mdomoni. "Hii si yake."

Inspekta alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha marehemu mpwa wake, mkoba mkononi. Hakuwa kazini siku hiyo. Alikuja kama mdogo wa mwenye nyumba, na kama mnunuzi. Watu wote walimwita Inspekta, hata dada yake aliyembeba mgongoni akiwa mtoto. Lilianza kama utani, likawa jina.

Binti alikuwa amepata nafasi ya kusomea uchoraji wa katuni, na masomo hayo yalitaka kompyuta yenye nguvu, ile ile wanayoililia wacheza gemu. Kwa hiyo nyumbani kwao kulikuwa na mjadala usiokwisha: wanunue iliyokwisha kutumika, au wanunue vipande waunde mpya?

"Iliyotumika unaipata leo, lakini hujui imepitia nini," binti alikuwa akisema. "Ya kuunda unaijua kila skrubu, ila utasubiri mpaka uote mvi."

"Mvi ninazo tayari," Inspekta alikuwa akijibu. "Tununue."

Kisha dada akapiga simu. Njooni mwichukue ya Nyuki, alisema. Nyuki lilikuwa jina la mwanawe kwenye gemu, na tangu azikwe mama yake naye alianza kulitumia, kana kwamba lile jina alilompa mwenyewe lilikuwa zito mno kutamka. Alikuwa na sharti moja. Nyuki alikuwa akirekodi kila mchezo alioucheza, na humo ndani alisikika akicheka, akiwakaripia wenzake, akiimba ovyo. Kabla kompyuta haijatoka mlangoni, rekodi zote zitolewe ziwekwe mahali ambapo yeye ataweza kuzisikiliza.

"Picha ninazo," alikuwa amesema kwenye simu. "Sauti sina."

Sasa skrini ilikuwa ikiwaka, ikiomba kwa adabu mtumiaji achague lugha. Ilikuwa kama kompyuta ambayo haijawahi kukutana na mtu.

"Nieleze polepole," Inspekta alisema. "Nieleze kama unavyomweleza bibi yako."

Binti alielekeza tochi ndani ya boksi. Kifuniko cha ubavuni kilikuwa wazi. "Hii kubwa yenye feni ni kadi ya picha. Ndiyo ghali kuliko vyote, na ipo. Chini yake kunakaa diski, kijiti kidogo tu kama ubani wa kutafuna. Vitu vyake vyote vilikuwa humo. Kaka Nyuki alinitumia picha siku alipoiunda. Kijiti chake kilikuwa na karatasi ya buluu juu. Hiki ni cheusi kitupu. Mtu kakitoa kile akaweka kipya."

"Ni kazi ngumu?"

"Lazima uitoe kadi kwanza. Tazama vumbi. Limetanda kila mahali isipokuwa hapa, kwenye kingo za kadi. Alama za vidole. Halafu akairudisha, akakaza skrubu, akazibana nyaya upya, tena vizuri. Lakini..." Alizunguka nyuma ya boksi. "Hili silielewi. Waya wa skrini umechomekwa kwenye tundu la bodi kuu badala ya tundu la kadi. Hilo ni kosa la mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta ya gemu maishani mwake."

Inspekta aliyaweka mambo hayo mawili kichwani, moja kulia na jingine kushoto. Mikono inayojua na mikono isiyojua. Kisha akasikia pumzi nyuma yake, akageuka.

Dada yake alikuwa kwenye ukumbi, taulo la jikoni begani. Alikuwa amesikia yote.

"Sauti yake iko wapi?" aliuliza.

*

Walikaa sebuleni. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya Nyuki, hedifoni shingoni, akitabasamu upande mmoja wa mdomo. Ndiyo iliyobebwa mbele ya jeneza.

"Ufunguo wa chumba?"

"Hapa." Dada aligusa kifua chake, alikoufunga kwenye kamba ndani ya nguo. Alikuwa akifanya kazi mapokezi katika zahanati, na huko nako alikwenda nao.

"Nani ameingia tangu msiba?"

"Hakuna."

"Fikiri vizuri, dada."

"Nimefikiri. Mimi tu, Ijumaa, napangusa meza. Boksi siligusi. Unadhani ningesahau mtu aliyeingia chumbani kwa mwanangu?"

Inspekta hakubishana. Dada yake alikuwa na hadithi moja ya kifo kile, na aliisimulia kwa maneno yale yale kila alipopewa pole: mchana, nyumba tupu, pumu, nilirudi nikamkuta ameinamisha kichwa mezani, amesinzia tu, hakuhangaika. Mume wake husimama karibu na kuitikia kwa kichwa kila mkewe anapofika kwenye neno *hakuhangaika*. Watu wawili walikuwa wameegemea neno hilo moja, na Inspekta alichelea kulisogeza.

Alikwenda uani kwa mpangaji, kijana aliyeuza vifaa vya simu. Alimkuta akifua.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Kompyuta ya marehemu imeibiwa kitu."

Mpangaji aliacha shati lizame. "Wamechukua kadi?"

"Kwa nini kadi?"

"Sasa watachukua nini kingine? Hiyo ndiyo mali. Mimi mwenyewe niliiulizia, nisikudanganye. Mama mwenye nyumba akanitazama mpaka nikatamani kuhama." Alikamua shati. "Najua unavyofikiri, afande. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye nguo iliyo karibu. Lakini mwizi huiba kinachouzika."

"Ulimsikia mtu chumbani?"

"Mtu, hapana. Mzee mwenye nyumba, ndiyo. Wiki iliyopita, wakati mama yuko kazini. Dirisha la chumba hicho liko pale. Nilimsikia akizungumza peke yake."

"Akisema nini?"

"Nilifunga dirisha langu, afande. Kuna mambo si ya kusikiliza."

*

Kabla ya kumwendea shemeji yake, Inspekta alitaka kujua zaidi kuhusu mikono inayojua. Adhuhuri alikwenda na binti kwenye kibanda cha fundi ambaye mtaa mzima ulimwita Bisibisi. Yeye na Nyuki walikuwa chanda na pete tangu shule. Kompyuta ile waliiunda pamoja, juu ya meza ile ile iliyokuwa mbele yao sasa, imejaa skrubu kwenye vifuniko vya chupa.

"Shikamoo mama. Karibuni. Dada, habari za siku nyingi?"

"Tunataka ushauri," binti alisema. "Ninunue iliyotumika au niunde?"

"Iliyotumika ipi?"

"Ya Nyuki."

Bisibisi alichukua kitambaa, akaanza kufuta bisibisi ambayo haikuwa na uchafu. "Unda," alisema. "Ile iache. Iliyotumika huwezi kujua. Unda yako, nitakusaidia, sitaki hata ujira."

"Fundi anayekataa ujira!" binti alitania. "Unaumwa?"

Hakucheka. Inspekta aliingia kati.

"Tumekwisha kuiona. Imeibiwa kitu."

"Ah," alisema Bisibisi. "Poleni sana. Watu hawana utu." Akaendelea kufuta.

"Wewe na Nyuki mlikuwa mkicheza pamoja bado?"

"Kila mchana, mama. Nafunga kibanda kwa chakula, nacheza badala ya kula. Yeye kwao, mimi hapa. Timu ya watu wanne." Alitazama saa ya ukutani kana kwamba ilimwita. "Sasa sichezi tena."

Walipokuwa wakirudi kwenye gari, binti alisema, "Amekonda. Halafu kuna kitu hakikukaa sawa, ila sikijui."

"Utakijua," Inspekta alisema. "Tukamwone baba yako mkubwa."

*

Shemeji aliendesha mashine ya kunyanyulia mizigo katika ghala la saruji. Alikuwa kwenye mapumziko, ameketi juu ya mbao, nyusi zote nyeupe kwa vumbi. Alipomwona Inspekta akija na binti nyuma yake, aliweka kikombe chini.

"Dada yako amejua?"

"Amejua nini, shemeji?"

"Ni mimi." Alisema kwa sauti ya chini, bila kuinuka. "Nilichonga ufunguo mwingine. Ni mimi niliyemfuta."

Binti alishika mdomo. Inspekta aliketi kwenye mbao ile ile, vumbi likamganda kwenye sketi.

"Nieleze."

"Nilitaka kumsikia. Dada yako ana subira ya kungoja mpaka mje na utaalamu wenu; mimi sikuweza kungoja. Nikawasha. Skrini nyeusi. Nikachomoa ule waya wa nyuma, nikauchomeka hapa, nikauchomeka pale. Mwisho ikawaka. Ikasema nichague lugha. Nikajua nimeshika mahali pasipofaa. Nilikaa pale nikamwomba msamaha. Miaka yote alikuwa akiniita, 'Baba njoo uone,' nami namjibu nimechoka. Siku niliyokuja, nikamfuta."

"Shemeji, ulifungua boksi?"

"Boksi gani?"

"Ubavu wa kompyuta. Ulitumia bisibisi?"

"Kwani linafunguka?"

Inspekta na bintiye walitazamana. Kisha binti alichuchumaa mbele ya yule mzee na kumshika magoti.

"Baba mkubwa, nisikilize. Kuchomeka waya vibaya hakufuti kitu. Hata ungeuchomeka kwenye ukuta. Ulipoiwasha ilikuwa tupu tayari. Kuna mtu alitangulia."

Shemeji alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetafsiriwa lugha ngeni. Halafu akajifunika uso kwa mikono miwili, na vumbi la saruji likashuka kati ya vidole vyake likiwa limelowa.

Ndani ya gari, walipopita mataa ya pili, binti alisema:

"Mama, siinunui tena. Baba mkubwa bado anamtafuta mwanawe humo ndani. Nitaunda. Hata ikinichukua mwaka."

"Sawa," alisema Inspekta.

"Na nimekijua kile kitu." Aligeuka kwenye kiti. "Mpangaji alipoambiwa kuna kitu kimeibwa, aliuliza kama ni kadi. Mimi nilipofungua boksi, jicho langu kwanza lilikwenda kwenye kadi. Mtu yeyote wa kompyuta angeuliza. Bisibisi ndiye fundi kuliko sisi sote, na kompyuta ile ni kazi ya mikono yake. Hakuuliza wamechukua nini."

"Kwa sababu?"

"Kwa sababu anajua."

Inspekta aliitikia kwa kichwa. Kujua peke yake hakutoshi. Mtu lazima apite mlangoni. Na mlango ule ulikuwa na funguo mbili, mmoja kwenye kifua cha mama na mwingine kwenye mfuko wa baba.

*

Jumapili baada ya chakula cha mchana alirudi kwa dada yake. Hakuuliza tena nani aliingia. Alisimama mbele ya picha kubwa ya ukutani.

"Hii alipigwa wapi?"

"Alijipiga mwenyewe. Ilikuwa kwenye kompyuta yake."

"Ikafikaje ukutani?"

"Tulihitaji picha ya msiba. Nikamtuma Bisibisi aitoe akaichapishe."

"Ukamfungulia?"

"Nilikuwa na watu nyumba nzima, ningemfungulia saa ngapi? Nilimpa ufunguo. Akaurudisha kesho yake baada ya maziko, alisema anatafuta nyingine zilizo nzuri zaidi..." Mkono ukaenda kifuani.

"Jana ulisema hakuna aliyeingia."

"Hakuingia," dada alisema, na machozi yakaanza. "Nilimtuma."

Hilo ndilo Inspekta alilokuwa akilijua miaka yote ya kazi na bado lilimponyoka: watu hukumbuka waliokuja wenyewe. Uliyemtuma ni mkono wako, na nani huuhesabu mkono wake miongoni mwa wageni?

"Nitakwenda kuongea naye," alisema.

"Tutakwenda," dada alisema. Mumewe, aliyekuwa kimya kwenye kona, alisimama pia na kutafuta viatu vyake.

*

Bisibisi alikuwapo kibandani ingawa ilikuwa Jumapili. Kwenye skrini yake hapakuwa na mchezo. Alipowaona watatu hao wakijaza mlango hakusema karibu.

"Keti, mwanangu," Inspekta alisema. "Nitasema mimi, utanirekebisha. Mama alikupa ufunguo utoe picha. Ulipowasha kompyuta ulikuta kirekodi hakikuzimwa. Kilirekodi mchezo wa mwisho. Mlicheza kila mchana, na yeye alifariki mchana, mkiwa mnacheza. Ulisikiliza. Kesho yake ulirudi na kijiti kipya, ukatoa cha buluu. Ulijaribu kumzuia binti yangu asiinunue ili asije akagundua. Nimekosea wapi?"

"Hujakosea."

"Hukuiba ili uuze. Sasa nieleze ni kwa nini."

Bisibisi alimtazama mama yake Nyuki, akashindwa, akaitazama meza.

"Mama alisema alisinzia. Kila mtu aliyekuja kutoa pole aliambiwa hivyo, na nikaona ndicho kitu pekee kinachomsimamisha. Rekodi ile haisemi hivyo."

Shemeji alishika mwimo wa mlango.

"Endelea," Inspekta alisema.

"Tulikuwa karibu kushinda. Akaanza kupumua kwa nguvu kwenye maiki. Nikamwambia, 'Nyuki, acha kutupulizia masikioni.' Wote wakacheka. Akaendelea. Nilidhani ni utani, alikuwa mtu wa utani. Kuna kitufe, unabonyeza jina la mtu, humsikii tena. Nikambonyeza. Tukashinda. Nikamwandikia, 'Umelala?'"

Feni ndogo juu ya rafu iligeuka upande mmoja, ikarudi.

"Sisi hatukumsikia tena," alisema. "Lakini kompyuta yake ilimsikia."

"Ulimlinda yeye," Inspekta aliuliza, "au ulijilinda wewe?"

"Mwanzoni nilifikiri ni yeye." Alijifuta pua kwa mkono wa shati. "Nilitaka kuifuta. Nimekaa hapa kila siku na kidole juu ya kitufe. Nitaifutaje? Ni yeye."

Alivuta droo, akatoa kijiti chenye karatasi ya buluu kilichoviringishwa kwenye kitambaa cha kufutia miwani, akakiweka mezani mbele ya mama. Kisha akateremka kwenye kiti akapiga magoti.

"Simama," mama alisema. "Nilijua hakusinzia."

Inspekta alimgeukia. Shemeji pia.

"Mimi ndiye niliyemwinua. Kiti kilikuwa kimeanguka. Inhela, ile dawa yake ya kuvuta, iliingia chini ya kitanda, alikuwa ameipapasa mpaka kucha zimevunjika. Nilikata zile kucha mwenyewe kabla baba yake hajarudi." Alimtazama mumewe. "Nilisema alisinzia kwa ajili yako. Nawe ulikuwa ukiniitikia kwa kichwa kila mara."

"Niliitikia kwa ajili yako," shemeji alisema. "Mimi niliona kiti."

Inspekta, ambaye kazi yake ilikuwa kuona viti vilivyoanguka, siku ya msiba alikuwa mdogo wa mtu tu, na hakuona kitu.

"Kitu ambacho sikukijua," dada yake aliendelea, akimgeukia kijana, "ni kwamba kulikuwa na mtu naye. Miezi yote hii nalala nikimwona peke yake. Alikuita?"

"Ndiyo, mama. Nilikuwa nimekwisha kumbonyeza."

"Halafu?"

Bisibisi alitikisa kichwa, hakutaka.

"Halafu?"

"Halafu alikuita wewe."

Dada alivuta kiti cha fundi, akaketi. Alichukua hedifoni iliyokuwa juu ya kibodi, akaivaa juu ya kilemba chake, akairekebisha masikioni.

"Weka."

"Dada, si lazima iwe leo," Inspekta alisema. "Kuna nyingine nyingi. Anza na zile anazocheka."

"Kazi yako imekwisha, mdogo wangu. Umefanya vizuri. Hii ni yangu."

Bisibisi alikichomeka kijiti kwenye mashine yake. Kiliingia mara ya kwanza. Akatafuta faili, akabonyeza.

Wao watatu hawakusikia chochote. Waliuona uso wake tu. Kwanza alitabasamu, na wakaelewa kwamba Nyuki alikuwa akitania huko ndani. Akacheka hata, kidogo, kwa pua. Kisha tabasamu likabaki mdomoni peke yake, macho yakiwa yamekwisha kuondoka. Bisibisi alinyoosha mkono kuelekea kitufe cha kusimamisha. Bila kumtazama, dada aliudaka mkono ule na kuushikilia.

Akaanza kuzungumza, polepole, na skrini.

"Taratibu, mwanangu. Usipigane nayo. Shusha mabega. Ingiza kwa pua... toa. Ingiza... toa. Mama yupo."

Ndivyo alivyomfundisha Nyuki alipokuwa mtoto, usiku wa mashambulizi ya pumu, akiwa amempakata. Shemeji alikuja kusimama nyuma ya kiti, akaweka mkono wake mzito begani mwake, na baada ya kitambo yeye naye akawa anavuta na kutoa. Inspekta aligundua kwamba hata yeye ameanza.

Faili lilifika mwisho. Skrini ikasimama kwenye picha moja isiyosogea. Dada hakuvua hedifoni.

"Ingiza," alisema. "Toa."